Kabla hujapanda Newala, hesabu meno ya mbele

Kijana mmoja wa Nachingwea ameniandikia. Kanunua baiskeli ya mbio ya mtumba, mbele ina spoketi mbili, za meno 53 na 39, nyuma kubwa kabisa ni 25, na kila akikutana na mlima anashuka kusukuma. Anauliza kama mapafu yake ni mabovu. Mapafu yako hayana shida, mdogo wangu. Gia hizo zilipangwa kwa watu wa mashindano, wanaolipwa kukanyaga pedeli.

Nayajua maumivu hayo. Ukitoka Mtwara kwenda Newala kupitia Tandahimba unapanda taratibu, kwa sababu uwanda wa Makonde umelala ukiinamia baharini. Ukitokea Masasi ndipo unakutana na ukingo wenyewe. Nilikuwa na 39 kwa 25 kama wewe. Mzunguko mmoja wa pedeli ulinisogeza mita 3.3 hivi; ukijikongoja kwa kilomita 8 kwa saa, hiyo ni kama mizunguko 40 kwa dakika, na yote inatua gotini. Wenzangu walikuwa wananisubiri juu, kivulini, wakinywa maji. Nikifika tu, wanapanda baiskeli wanaondoka. Wao wamepumzika, mimi hata funda sijapata. Sijasahau, na wala sina mpango wa kusahau.

Niliposema nataka meno 34 mbele ili gia iwe nyepesi, mmoja wao akasema hizo ni gia za wazee. Fundi naye akaniambia spoketi ni spoketi, niagize tu. Si kweli, na hapa ndipo hela za watu zinapopotea. Kranki (mkono wa pedeli unaobeba spoketi) ya 53 na 39 kwa kawaida ina matundu matano ya bolti yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 130, na duara hilo halipokei spoketi ya chini ya meno 38. Spoketi ya 34 inataka duara la 110. Chukua rula, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake: ukipata milimita 76, lako ni 130, ukipata karibu 65, ni 110. (Yakiwa matundu manne, hesabu hii haikuhusu.) Mimi nilibadili kranki nzima, nikaweka 50 na 34, na nyuma 28. Kile kibao kinachohamisha cheni mbele lazima kishushwe, kibaki milimita 1 hadi 3 juu ya meno ya spoketi kubwa. Mengine fundi atamaliza.

Sasa napanda nimekaa kwenye siti. Juzi nilimpita yuleyule wa gia za wazee, kashuka, anasukuma. Nilimsalimia kwa heshima zote. Sikusimama.

Watakuambia utapoteza spidi kwenye tambarare. 50 mbele na 12 nyuma, ukizungusha mara 90 kwa dakika, ni kilomita 47 kwa saa. Nani kati yetu anaigusa hiyo kutoka Lindi kuja Mtwara, kusi likimpiga usoni? Vijana, acheni kununua gia za kuonyeshana! Mnavunja magoti mkiwa na miaka ishirini na kitu kwa sababu ya namba iliyochorwa kwenye chuma, namba ambayo hata anayewacheka hajui maana yake. Mtu anajali spoketi yako ina meno mangapi, lakini hatakusaidia kusukuma.

Na kama mfuko haujakaa sawa, usisubiri hela ya korosho ndipo ununue kranki. Badili nyuma peke yake. Gawa meno ya mbele kwa ya nyuma: 39 kwa 28 ni 1.39, na 34 kwa 25 ni 1.36, miguu yako haitaijua tofauti hiyo. Hakikisha tu mkono wa nyuma unaovuta cheni unakubali meno 28, maana ya zamani mingine haifiki huko. Cheni ikiwa imechakaa, badili hapohapo, la sivyo itaruka kwenye meno mapya.

Wewe wa Nachingwea, kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote, nitumie picha ya kranki upande wa cheni, na rula iwe imelazwa juu ya hayo matundu.