Umebakiza episodi ya mwisho ya Lost? Achana na kisiwa, bashiri watu

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote kuhusu Lost, tamthilia ya Marekani ya abiria walionusurika ndege ilipoanguka kisiwani. Umemaliza ile episodi ya moto wa Jacob, mlinzi wa kisiwa, umebakiza moja tu, "The End", na umekataza mtu asikusimulie mwisho. Umeweka nadharia tatu. Ya kwanza, wote walikufa ndege ilipoanguka na kisiwa ni toharani. Ya pili, zile namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42 ni hesabu ya mwisho wa dunia. Ya tatu, ule upande ambako ndege ilitua salama Los Angeles umezaliwa na bomu la mwaka 1977, kwa hiyo dunia mbili zitaungana. Unauliza ipi ina nguvu, na sisi tulioifuatilia enzi zake tulibashiri vipi.

Nitakujibu bila kugusa hata dakika moja ya hiyo episodi. Kila nitakachokitaja umeshakiona, au ni habari za nje ya hadithi.

Mwaka 2010 nilikuwa nasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Chuo kilikuwa kichanga bado, kimeanza 2007, na Lost ilitufikia mabwenini kwa flashi na kwa diski zilizonunuliwa mjini, maana bando la kupakua muvi halikuwa la mwanafunzi. Kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani kiliurusha mwisho Jumapili tarehe 23 Mei 2010. Sisi tulikuwa tunasubiri nakala ifike Dodoma, na mjadala mtamu kuliko yote ulikuwa wa kipindi hicho cha kusubiri. Baridi ya Mei imeshaingia, watu wamejitanda mashuka, unakuta mtu anatoka kuoga kasimama kwenye korido, ndoo mkononi, anatetea nadharia yake mpaka maji yamkauke mwilini.

Tulikuwa kambi mbili. Kambi ya kwanza walikuwa watu wa alama. Wanasimamisha picha, wanasoma jina la kitabu alichoshika Sawyer, mmoja wa manusura, wanajumlisha namba. Hao ndio waliogundua kwamba zile namba sita ukizijumlisha unapata 108, na kule shimoni kitufe kilikuwa kinabonyezwa kila baada ya dakika 108. Kazi yao niliiheshimu na bado naiheshimu.

Kambi ya pili ilianzishwa na dada mmoja wa Kondoa aliyekuwa anasoma ualimu. Huyo hakusimamisha picha hata siku moja. Swali lake lilikuwa lilelile kwa kila mhusika: huyu mtu, jambo gani hawezi kulipita akaliacha? Mapema tu kwenye msimu wa sita akasema kazi ya Jacob ya kulinda kisiwa itaangukia kwa Jack, yule daktari. Hoja yake ilianzia dakika za mwanzo kabisa za tamthilia. Jack anafumbua jicho kwenye mianzi, hajui yuko wapi, ubavuni kachanika, na anachofanya ni kukimbilia ufukweni kwa majeruhi. Mtu wa namna hiyo, alisema, ukimwona katulia kama alivyotulia huu wa sita, hajakata tamaa. Anasubiri aambiwe kazi ni ipi. Na wewe umeshaona: Jacob pale motoni kauliza nani yuko tayari, Jack kajibu kabla wengine hawajajua hata waangalie wapi.

Hapo ndipo nilipohamia kambi yake, na ndilo jibu langu kwako. Ukitaka kubashiri mwisho wa hii tamthilia, usijiulize kisiwa ni nini. Jiulize hawa watu, kwa jinsi walivyoonyeshwa, watachagua nini wakibanwa.

Angalia lile bomu la kwenye nyambizi. Jack anasema lisiguswe, kwa sababu yule adui, moshi mweusi aliyevaa sura ya Locke, hawezi kuwaua kwa mkono wake mwenyewe, anataka wao wajiue. Sawyer anachomoa nyaya. Saa inasimama kidogo, watu wanashusha pumzi, halafu inaanza kukimbia kuliko mwanzo. Haikuhitaji alama yoyote kubashiri hilo. Sawyer tangu utotoni hajawahi kumwamini mtu akiwa hatarini, na Jack ndiye aliyekuwa amejifunza kuamini. Matokeo yake Sayid kalikimbiza bomu, Jin kabaki na mkewe Sun kwenye maji. Bwenini ule usiku hakuna aliyelala mapema. Akina dada waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, mtoto Ji Yeon kaachiwa nani? Mzazi mmoja si angetoka? Mimi naona Jin alifanya lile alilokuwa ameahidi, kwamba hawatatengana tena. Lakini mtoto kutotajwa kabisa pale ndani, hilo ni kosa la waandishi na sijawahi kuwasamehe.

Sasa twende kwenye alama. Kumbuka ile mifupa miwili ya msimu wa kwanza, kule pangoni, waliyoiita Adam na Hawa. Jack anaikagua, anatoa kifuko chenye vijiwe viwili, cheupe na cheusi, na anasema nguo kuoza kiasi kile huchukua miaka 40 au 50. Watu wa alama waliishikilia hiyo miaka kama hati ya nyumba. Wengi walibashiri ni Rose na Bernard, mke na mume, maana walibaki msituni mwaka 1977 na kusema hawataki tena vurugu za mtu. Ni nadharia nzuri na ilipendeza moyoni. Halafu ikaja ile episodi ya Mama na watoto pacha, Jacob na nduguye, inayoanza kwa Kilatini, na mifupa ikawa ya Mama na yule ndugu wa nguo nyeusi, mambo ya karne na karne zilizopita. Miaka 40 au 50 ya Jack ikabaki inaning'inia.

Kwa nini alama inadanganya namna hiyo? Kwa sababu iliwekwa na watu ambao walikuwa hawajui watafika lini. Mpango wa awali kabisa ulikuwa Jack afe kwenye episodi ya kwanza. Steringi afe! Wakubwa wa kituo wakapinga, akabaki, na ndiye amebeba hadithi yote. Michael Emerson, yule Ben, aliitwa kwa ajili ya episodi tatu tu. Alivyocheza, wakaona huyu haachiki. Bwana Eko, Mnigeria tuliyempenda sana bwenini kwetu, aliuawa na moshi mwaka 2006 kwa sababu mwigizaji mwenyewe, Adewale Akinnuoye-Agbaje, aliomba kuondoka. Nadharia zote zilizojengwa juu ya fimbo yake yenye maandiko zikafa naye. Na Walt, mtoto aliyekuwa na nguvu zake za ajabu: kisiwani imepita miezi michache, mwigizaji kakua mpaka kawa kijana mrefu. Hakuna mtu wa alama ambaye angebashiri hayo kwa kusimamisha picha.

Lakini kuna mstari ambao ukiujua utakusaidia sana, na sioni watu wakiutaja. Mei 2007, Damon Lindelof na Carlton Cuse, watayarishaji wa Lost, walikubaliana na ABC kwamba tamthilia itaisha 2010, zimebaki episodi 48. Kabla ya hapo walikuwa wanavuta muda, na inaonekana. Ile episodi ya tatuu za Jack katika msimu wa tatu, Lindelof mwenyewe aliitumia kuwaonyesha wakubwa kwamba bila tarehe ya mwisho hadithi inapwaya. Baada ya hapo wakaanza kupiga hesabu ya safari yote. Kwa hiyo mimi nina kanuni: alama iliyowekwa kabla ya mwisho wa msimu wa tatu, ichukue kwa mkono mmoja. Iliyowekwa baada ya hapo, ishike kwa miwili. Mgomo wa waandishi wa 2007 ulipunguza msimu wa nne kidogo, lakini njia haikuhama.

Na alama zikiwekwa ndani ya episodi ileile zinakopaswa kufanya kazi, zinafanya. Umeona mwisho wa msimu wa tatu, Jack mwenye ndevu, amelewa, anataka kujirusha darajani. Sote tulidhani ni maisha yake ya kabla ya kisiwa. Rafiki yangu wa kambi ya alama alipiga kelele katikati ya episodi: hiyo simu anayotumia Jack ni mpya mno kwa maisha ya zamani! Akasimamisha picha kwenye nyumba ya mazishi, imeandikwa Hoffs/Drawlar, akazichanganya herufi upya kwenye daftari na kupata maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kuruka mbele. Kabla Kate hajashuka kwenye gari, yeye alikuwa ameshajua. Sijawahi kuona mtu amefurahi vile kwa ajili ya tamthilia.

Turudi kwako. Toharani kwanza. Hii ndiyo nadharia ya zamani kuliko zote, ilianza msimu wa kwanza, na watengenezaji waliikana hadharani mapema. Bwenini ilikuwa na nguvu hasa kwa wenzetu Wakatoliki, na nilielewa kwa nini: kila mtu kisiwani ana dhambi inayomfuata. Ila tamthilia yenyewe imeshaijibu mbele yako. Richard, yule asiyezeeka, kwenye ile episodi yake ya mwaka 1867, anaamini amekufa na yuko jehanamu. Jacob anamshika, anamzamisha baharini, anamwinua, anamzamisha tena, mpaka Richard anapiga kelele kwamba anataka kuishi. Halafu anamweleza kisiwa kwa chupa ya mvinyo na kizibo chake. Sisi wa Dodoma, mji wa zabibu, ile chupa ilituingia upesi. Mtu mwenye nadharia ya toharani aseme kwanza lile zamisho lina maana gani.

Kwenye namba sitakawia. Jibu ulishapewa kwenye lile pango lenye majina ukutani: Locke, Reyes, Ford, Jarrah, Shephard, Kwon, kila mmoja na namba yake. Najua ulitaka kubwa zaidi. Hesabu ya mwisho wa dunia ipo, lakini iliwekwa kwenye mchezo wa mtandaoni wa mwaka 2006 nje ya tamthilia, na ndani haikupewa uzito huo. Zaidi ya yote, msikilize tena Jacob akimjibu Kate aliyeuliza mbona jina lake lilikatwa. Anamwambia lilikatwa kwa sababu alikuwa mama, na kwamba ule ni mstari wa chaki tu ukutani. Akiitaka kazi, ni yake. Mwandishi anayetaka uamini namba hawezi kuandika jibu hilo.

Nadharia ya bomu ndiyo ngumu zaidi na sitaipima, maana nikiipima nitakuwa nimekuvunjia sharti lako. Nitasema hivi tu. Mfuatilie Desmond. Tazama anachofanya kule upande wa pili tangu alipomwona Penny, mpenzi wake: anamgonga Locke kwa gari, anampiga Ben, anajisalimisha polisi. Kila tendo linamsogeza mtu fulani karibu na mtu mwingine. Uliza anawakusanya kwa ajili gani. Ukipata sababu ya kiutu, inayoeleweka hata kwa mtu asiyejua chochote kuhusu bomu, ishike hiyohiyo.

Mambo ya kukusaidia usiku wenyewe. Episodi ni ndefu, zaidi ya saa moja na nusu, kwa hiyo chaji kila kitu mapema. Umeme ukikatika katikati utaumia. Mwisho kabisa, majina yakipita, unaweza kukuta picha za mabaki ya ndege ufukweni bila mtu hata mmoja. Picha hizo ziliwekwa na kituo ili watazamaji wapumue kabla ya taarifa ya habari. Si sehemu ya hadithi, usizijengee chochote. Watu wengi sana walizijengea, na mpaka leo wanabishana vijiweni kwa sababu hiyo. Kuna pia nyongeza fupi iliyotoka na DVD Agosti 2010. Usiitafute kabla.

Na kabla hujabonyeza, andika hapa utabiri wako kwa majina: Jack, Kate, Sawyer, Hurley, Desmond, Ben. Ningependa uanze na Ben. Juzi tu umemwona akimpiga Widmore risasi kwa ajili ya Alex, binti aliyemlea, na kuahidiwa na adui kisiwa chote. Lakini episodi chache nyuma alisimama porini na bunduki, analia, anamwambia Ilana wa upande wa Jacob kwamba anakwenda kwa adui kwa sababu hakuna mwingine atakayempokea, na Ilana akamjibu kuwa yeye atampokea. Ben akarudi naye kambini. Kati ya hayo mawili, lipi hawezi kuliacha?