Mshambuliaji wetu hafungi tena: kosa ni lake au la mtindo wa timu?

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mpenzi wa timu moja ya vijana wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Msimu uliopita mshambuliaji wetu wa kati alikuwa akifunga karibu kila Jumapili. Tangu aje kocha mpya, timu inacheza pasi fupi kuanzia kwa kipa, tunamiliki mpira kuliko wapinzani, lakini kijana huyo hafungi. Wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema starehe zimemmaliza, na wazee wa timu wanataka akae benchi. Je, mtu anaweza kusahau kufunga? (Msomaji wa Katuba)

JIBU: Ndugu yangu, uchawi nauachia wenye nao. Kusahau kufunga ni jambo la nadra. Kukosa mpira wa kufunga ndilo jambo la kila siku. Kabla wazee hawajaamua, mtu mmoja akae nyuma ya goli la wapinzani na daftari, ahesabu mipira inayomfikia kijana ndani ya eneo la penalti, na aandike kila mpira ulitoka wapi, tena kama aliupokea akilitazama lango au akilipa mgongo.

Mfano tunao sisi wenyewe, kwa maana Mbwana Samatta tulimshangilia hapa Lubumbashi, katika uwanja wa Kamalondo, akiwa na TP Mazembe. Baadaye alikwenda Genk, na katika msimu wa 2018/19 alifunga magoli 23 ya ligi, timu ikatwaa ubingwa wa Ubelgiji. Januari 2020 alinunuliwa na Aston Villa, na katika mechi 14 za Ligi Kuu ya Uingereza akapata goli moja tu. Je, ufundi wake ulibaki Ubelgiji? Genk alikuwa na watu kama Leandro Trossard na Ruslan Malinovskyi, waliopenda kuutoa mpira mapema, wakati yeye anakimbia katikati ya mabeki. Villa ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja, na mwishowe ilinusurika kwa pointi moja. Ilitumia muda mwingi kujilinda, na ilipopata mpira, ulipitia mara nyingi kwa Jack Grealish upande wa kushoto, ambaye alipenda kukaa nao, hivi kwamba ulipofika mbele mabeki walikuwa wamekwisha kujipanga. Hata hivyo, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, tarehe 1 Machi 2020, winga wa Villa, El Ghazi, alimpigia krosi moja nzuri, naye akajirusha na kuutia wavuni kwa kichwa.

Lakini mtindo haufafanui kila kitu. Fernando Torres alipotoka Liverpool kwenda Chelsea mwezi Januari 2011, kwa pauni milioni 50, aliacha nyuma pasi za kiungo Gerrard za kupenyeza nyuma ya mabeki, na goli lake la kwanza likachelewa hadi mwezi Aprili. Wengi waliishia hapo katika kumtetea. Mimi nakumbuka pia kwamba alikuwa amepasuliwa goti mwaka 2010, na kwamba Septemba 2011, uwanjani Old Trafford, alimzunguka kipa De Gea, lango likabaki tupu, naye akapiga nje. Hapo pasi haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo daftari litaonyesha ni ugonjwa upi. Mipira ikiwa mingi na yote inapotea, mwulizeni kwanza habari za goti, kifundo cha mguu na usingizi, kisha mpumzisheni bila kumzomea. Ikiwa michache, nendeni kwa kocha kwa heshima. Pasi fupi zina faida yake, nayo ni kumvuta mpinzani atoke golini kwake. Ila zikizunguka kushoto na kulia mpaka wapinzani wote wamerudi nyuma, mshambuliaji wa mbio hana pa kukimbilia. Ninavyoona mimi, inatosha kiungo mmoja aruhusiwe kutafuta pasi ndefu mara tu mpira unapopatikana, na mawinga wapige krosi kabla ulinzi haujakamilika. Kijana naye ajifunze kushuka, kupokea akiwa na beki mgongoni, na kugeuka. Somo hilo huchukua miezi, si wiki mbili, na wazee wanapaswa kulijua.

SWALI: Je, ni vema mshambuliaji aliyekauka apewe penalti ili arudishe imani? (Msomaji wa Kamalondo)

JIBU: Penalti apewe anayezipiga vizuri zaidi mazoezini. Samatta alipofunga kwa penalti dhidi ya USM Alger hapa Lubumbashi, Novemba 2015, siku Mazembe ilipotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika, alikuwa katika kilele cha ubora wake, hakuwa akitafuta dawa. Goli la penalti linaweza kumfurahisha aliyekauka kwa Jumapili moja, lakini halitamwongezea hata pasi moja katika mechi inayofuata, na akilikosa, mtakuwa na matatizo mawili badala ya moja.