Maswali Yenu: Fairlamb, Malale na Kemia ya Vimelea

Tangu niandike kuhusu Alan Fairlamb, mwanabiokemia Mwingereza aliyechunguza tripanosoma, vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o, maswali hayajakoma. Najibu machache.

Fairlamb hajatengeneza dawa hata moja. Sifa zote hizo za nini?

Alituonyesha dawa zinaua vipi. Melasoproli, dawa ya malale, ilianza kutumika mwaka 1949. Ina aseniki, ambayo ni sumu, na karibu mgonjwa mmoja kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Miaka mingi ikapita watu wakiidunga bila kujua inashika nini ndani ya kimelea. Mwaka 1985, Fairlamb, Anthony Cerami na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza tripanothioni, kemikali ya kimelea: molekuli mbili za glutathioni zilizoungwa pamoja na molekuli nyingine, spemidini. Binadamu hatuna kitu hicho. Kimelea hukitegemea kujikinga na madhara ya oksijeni. Mwaka 1989 wakaonyesha kwamba aseniki ya melasoproli hunasa tripanothioni hiyohiyo. Mwaka 1993, yeye na mwenzake Carter wakaonyesha mlango wa dawa: kisafirishi cha adenosini, yaani protini inayoingiza adenosini ndani ya kimelea, ambacho vimelea sugu vimekipoteza. Anayetafuta dawa mpya sasa anajua pa kupiga, na anajua usugu utatokea wapi. Hiyo si kazi ndogo.

Ana makala ngapi kwa jumla?

Swali hili mnaniletea kila mara. Sihesabu. Someni hizo tatu, 1985, 1989 na 1993, muone jinsi kila moja inavyoanzia pale iliyotangulia ilipoishia. Chuo kinachopandisha watu vyeo kwa wingi wa machapisho kinawafundisha vijana kukata kazi moja vipande vitano.

Dawa ya eflonithini huzuia kimelea kutengeneza spemidini. Mbona Tanzania haitumiki kwa malale?

Kwa sababu kimelea chetu ni kingine. Eflonithini hutibu malale ya gambiense, ya Afrika Magharibi na ya Kati. Yetu ni ya rhodesiense, ambayo hukiunda upya upesi kimeng'enya kinacholengwa, na dawa ikashindwa. Ukiuliza dawa ya malale bila kutaja kimelea, hujauliza kitu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani, yaani WHO, lilipendekeza feksinidazoli, ambayo ni vidonge, hata kwa rhodesiense, baada ya majaribio ya Malawi na Uganda. Ni nafuu kubwa sana, lakini tusibweteke: maabara ya Fairlamb kule Dundee, Uskoti, ilionyesha mwaka 2010 kwamba kimelea kikizoea nifurtimoksi, dawa nyingine ya malale, huweza kuizoea na feksinidazoli.

Na mjue jambo moja zaidi. Miaka ya 1990 eflonithini ilikaribia kutoweka kwa kuwa wagonjwa wake ni maskini. Ilipofika mwaka 2000 ikaidhinishwa Marekani kama krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake. Mwaka 2001 ndipo makubaliano na WHO yalipoirudisha kwa wagonjwa wa malale. Linaniuma mpaka leo.

Dawa imepanda bei. Naweza kuwadunga ng'ombe nusu dozi ya diminazini?

Hapana. Diminazini hupitia mlango uleule alioueleza Fairlamb. Dozi pungufu huua vimelea dhaifu na kuviacha vile vilivyofunga mlango. Rhodesiense huishi ndani ya ng'ombe, na mbung'o hukitoa kimelea hicho huko akakileta kwa mtoto anayechunga. Pima uzito wa mnyama, mwite mtaalamu wa mifugo. Wala dawa hiyo ya ng'ombe asidungwe mtu. Kuna walioniuliza hata hilo.

Nimeona video ya mzizi unaoua tripanosoma ndani ya chupa. Ni tiba?

Sabuni pia huviua ndani ya chupa.

Nilikuwa porini Serengeti. Homa haiishi, malaria haionekani kwenye kipimo. Nimeze nini?

Usimeze kitu. Nenda hospitali leo, waambie ulipita penye mbung'o, waombe waangalie damu yako kwa hadubini. Kama kuna kidonda pale ulipoumwa, waonyeshe. Rhodesiense huweza kuua ndani ya miezi michache.