Wateja 900 na seva Ireland: je, sheria ya taarifa binafsi inanihusu?

Swali: Nina programu ya kuagiza chakula hapa Sinza, wateja kama 900. Majina, namba za simu, ramani ya nyumbani na malipo yao ninavitunza kwenye seva ya kukodi iliyoko Ireland. Mwenzangu anasema sheria za taarifa ni za akina Meta na Google. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ndugu yangu. Huenda mwenzako ameisikia Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo kweli inawalenga wakubwa: moja ya vipimo vyake ni watumiaji milioni 45 kwa mwezi. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haiulizi una wateja wangapi. Ukikusanya taarifa za watu na kuamua zitumikeje, wewe ni mkusanyaji na unapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Cheti cha usajili ni cha miaka 5.

Kabla ya kujaza fomu, andika unakusanya nini, nani anakiona, kinakaa muda gani. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu miamala ya fedha ya mtu imo kwenye kundi la taarifa nyeti, sawa na alama za vidole na taarifa za watoto. Kuichakata kunataka ridhaa ya maandishi. Usimwekee mteja tiki. Aiweke mwenyewe, na mfumo utunze tarehe pamoja na maneno aliyoyakubali siku hiyo. Kama historia ya malipo huitumii, ifute. Kwa hesabu zako, namba ya muamala na kiasi vinatosha.

Seva ya Ireland ni usafirishaji wa taarifa nje ya nchi: omba kibali cha Tume, na uwe na mkataba wa uchakataji, yaani wa namna taarifa hizo zitakavyoshughulikiwa, na mwenye seva. Umaarufu wa kampuni hiyo haukuondolei wajibu.

Ila mimi ningehofia zaidi bodaboda. Oda imeshafika, lakini namba na ramani ya mteja bado vimo kwenye WhatsApp ya dereva, na kesho dada wa watu anatumiwa meseji asizozitaka. Simu zipitie ndani ya programu, namba isionekane, na ramani ijifute oda ikifungwa. Faini ya Tume inaweza kufika shilingi milioni 100, na mteja aliyeumizwa ana haki ya kudai fidia mbali na faini hiyo.