Nilivyopata uenyekiti kwa akili ya sokwe wa kilo 37

Jumapili iliyopita nimechaguliwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wachuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, kura 31 kwa 14. Usiku huohuo msomaji mmoja akaniandikia: "Kaka hongera. Mimi nami mfupi, sauti haitoki, kwenye kikao wananikatiza. Wewe ulifanyaje?" Nikaona hii si ya kujibu kwa meseji.

Ndugu yangu, mimi nikisimama nyuma ya gunia la dagaa unaona kofia tu. Mwaka 2021 niligombea nafasi hiyohiyo nikapata kura 6. Sita! Na mke wangu ni mwanachama, na shemeji zangu wawili, sasa piga hesabu mwenyewe. Aliyeshinda ana kifua na ana sauti. Alisema mbele ya kina mama, "Huyu mleteeni ndoo apande tumwone." Wakacheka. Waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja.

Niliponyanyuka nilikuwa nawaza sokwe. Kabla ya dagaa nilifanya kibarua hifadhi ya Gombe, kufyeka njia, na jioni wazee wanaowafuata sokwe porini wakatusimulia madume waliowahi kutawala kundi la Kasakela. Frodo, kilo 51, alitawala kwa ubabe. Mwaka 1997 alimpindua Freud, kaka yake wa tumbo moja, Freud akiwa mgonjwa. Kusafisha wenzake manyoya hakukumhusu sana. Wao ndio walimsafisha. Lakini kabla yao alikuwepo Wilkie, kilo 37 tu. Alikuwa juu tangu 1989 hadi 1992, na silaha yake ilikuwa vidole. Alisafisha kila mtu, dume kwa jike, bila kuchoka.

Kazi hiyo niliwahi kuiona kwa karibu. Dume kubwa limekaa chini, mgongo wazi. Dogo nyuma yake linatenganisha manyoya kwa dole gumba, linainama, midomo inagonga-gonga kama mtu anayeonja mchuzi. Likiokota kitu linatia mdomoni. Lile kubwa macho yamelegea kama mteja wa kinyozi.

Na kuna sababu ya dume kujipatia marafiki hivyo. Kwa sokwe, majike wengi wakipevuka huhamia kundi jingine. Dume hahami. Anazaliwa, anazeeka na kufa katikati ya wapinzani walewale. Uliyempiga leo, kesho mnagombea mti mmoja wa matunda. Basi na Kibirizi ni hivyo hivyo, utakimbilia wapi, ziwani?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: safisha manyoya. Mimi nilifika misibani kabla turubai halijafungwa. Nilishika upande wa pili wa gunia la mtu bila kuitwa. Niliuliza mtoto wa fulani amefaulu darasa la saba? Halafu nikarudia, nikarudia tena. Miaka yote hiyo siwezi kuwasimulia, ni salamu tu na magunia.

Najua kuna atakayeniletea habari za Mike, dume wa cheo cha chini aliyepanda hadi juu mwaka 1964 kwa kugonga madebe matupu ya mafuta ya taa. Sikatai. Lakini Mike alikuwa na madebe peke yake. Kwenye vikao vyetu kila mtu ana debe lake, na nyinyi vijana ndio mnazidi: mnataka kipaza sauti kabla hamjajua jina la mama anayewapikia chai. Acheni. Salimieni watu. Safisheni manyoya, nasema tena.

Frodo naye aliugua, cheo kikaondoka. Mwenyekiti wetu wa zamani hajaugua, ila tangu Jumapili hatoki nje, na salamu yangu hakuitikia. Alinikalisha kwenye ndoo miaka yote ile, na bado inaniuma. Kesho asubuhi naenda kwake. Mke wangu ameshafunga dagaa kilo mbili, wale wakavu wa juani, na ameniuliza mara tatu kama nina hakika.