Mnaokuja Gdynia na kamera, helikopta haining'inii kwa uzi

Jumamosi ya Aerobaltic, maonyesho ya ndege kule Polandi, nilikaa ufukweni Gdynia nyuma ya vijana watatu. Kiswahili chao nilikisikia kabla sijawaona. Kamera safi, lenzi ndefu kuliko yangu, kofia hakuna. Ndege ya Bryza ikapita na mapangaboi yake mawili, wakaipiga kwa shata ya 1/4000 ya sekunde, kisha wote watatu wakainama kuchungulia skrini. Wakiwa wameinama hivyo, jeti ya kivita F-16 ikakata mbele yao juu ya maji, ubavu wote wazi, mvuke mweupe umelala juu ya mabawa. Walipoinua vichwa ilibaki ngurumo tu.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana hakuna walichokosea siku ile ambacho mimi sikukikosea kabla yao, tena kwa hasara kubwa zaidi. Basi wadogo zangu, sikilizeni.

1. Skrini itazameni ndege zikishatua. Piga ya kwanza, hakiki mwanga, funga.

2. Ufukwe wa Gdynia unatazama mashariki. Asubuhi jua liko usoni na kila ndege inatoka nyeusi kama kunguru; kuanzia saa nane mchana jua liko mgongoni. Ukifika saa tatu asubuhi, umekuja kuwahi nafasi ya kukaa. Tandika kanga yako, kula zapiekanka (mkate wa Kipolandi wa uyoga na jibini), betri iache ipumzike.

3. Shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake. Hapa naomba nikae kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza mtu aliniambia pangaboi lazima lionekane linazunguka. Nikaiweka 1/200 na sikuigusa tena hadi jioni. Jeti zote zikatoka kama zimepakwa mafuta ya nazi. Nikaapa kwamba sitatikisika tena maishani. Mwaka uliofuata nikaja na 1/2000 iliyokazwa kama nati ya baiskeli, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ikipanda inavyotaka, nami nikijiona nimekuwa fundi.

Siku hiyo ikaja Mi-14. Wapenzi wa helikopta hamhitaji kuambiwa: tumbo kama la mashua, kwa sababu Wasovieti waliiunda iweze kutua majini, na jeshi la majini la Polandi liliituma kuwinda nyambizi kutoka kambi ya Darłowo. Mkataba wa helikopta mpya nne, AW101, za kuchukua kazi yake ulishasainiwa 2019. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba mzee huyu yuko njiani kustaafu. Ilikuja polepole, chini, ikageuka ikatuonyesha upande wa kulia, ikasimama hewani, ikatuonyesha wa kushoto. Jua mgongoni mwangu, bahari ya buluu nyuma yake. Nafasi ya namna hiyo huipati kila mwaka. Nilipiga picha 386.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kipolandi, kiti cha kukunja, chupa ya chai, kamera iliyochakaa pembe. Alikuwa akipiga mojamoja, na baada ya kila chache anasonya. Nikamwonea huruma. Mi-14 ilipoondoka akaninyooshea mkono kuomba kuona zangu. Nikampa kwa fahari yote. Akaikuza picha, akaisogeza hadi kwenye mapanga, akanirudishia kamera kwa adabu kabisa na kusema neno moja: „Stoi.” Imesimama. Kipolandi changu kilikuwa cha kununulia mkate tu, lakini neno hilo nilikuwa nalijua. Nikafikiri anasifu ukali wa picha. Nikamshukuru!

Nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta. Mapanga matano, kila moja limenyooka na makali yake, hakuna hata dalili ya mzunguko. Tani kadhaa za chuma zimetundikwa angani kama mdoli juu ya kitanda cha mtoto. Nikajifariji kwamba ni jicho langu tu lililochoka. Nikamtumia mama Tanga ile niliyoiona bora kuliko zote. Baada ya dakika chache akajibu: „Poleni sana. Imezimika? Waliokuwemo wamepona?”

Nilikaa na ujumbe ule muda mrefu.

Na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Mapanga ya helikopta kubwa kama ile huzunguka takriban mara tatu kwa sekunde. Kwa 1/2000, kila panga limesogea nyuzi nusu hivi, yaani halikusogea. Kwa 1/100 linasogea kama nyuzi kumi na moja, na hapo ndipo jicho linaamini. Mzee wa watu alikuwa anasonya kwa sababu alikuwa kwenye 1/80 na nyingi zilikuwa zinamtoka hovyo. Lakini zile chache zilizomkubali zilikuwa zinaruka. Zangu zote 386 zilikuwa kali, na zote ni maiti.

Kwa hiyo: jeti 1/1000 kwenda juu, pangaboi 1/250 kushuka chini, helikopta 1/100, na mkono ukitii, 1/60. Ndege inapobadilika, nawe badilisha. Kamera yako ina kumbukumbu za mipangilio, C1, C2, C3, wala hazikuwekwa pale kama pambo. Fuata ndege kwa kiuno, si kwa viwiko, na endelea kuifuata hata baada ya kuachia kidole. Kwenye kumi utatupa nane. Zitupe bila matanga.

4. Helikopta ya Anakonda ikija kuonyesha uokoaji, usikimbilie maji. Ile W-3 inasimama hewani, mwokoaji anashuka kwa kamba, na upepo wa mapanga unapasua bahari na kurusha manyunyu ya chumvi hadi mbali. Inasimama, kwa hiyo shata ya polepole ni rahisi kuliko unavyofikiri. Anayeyumba ni yule wa kwenye kamba, basi fokasi iweke kwake. Kijana mmoja kati ya wale watatu alikwenda hadi mawimbi yanapofika magotini. Alirudi na lenzi imejaa matone, akaifuta kwa fulana. Fulana ambayo alikuwa ameilalia mchangani tangu asubuhi. Ule mlio wa mchanga kwenye kioo niliusikia nikiwa hatua nne nyuma yake, meno yakaniuma. Nilimpa kitambaa changu, akanishukuru, akauliza kama picha za mikwaruzo zinarekebishika kwa programu. Mdogo wangu, sikuwa na moyo wa kukujibu siku ile. Baadhi.

5. Ndege za kijivu kwenye mawingu ya kijivu ya Baltiki: fidia ya mwanga +1, la sivyo F-16 yako ni sufuria iliyoungua.

6. Ukiwa uwanja wa ndege badala ya ufukweni, saa sita mchana joto la lami linachemsha picha. Iliyo mbali upande wa pili wa njia ya kurukia iache, hakuna lenzi itakayoiokoa.

7. Ukipata siku ya ziada, shuka Babie Doły, jirani na uwanja wa Kosakowo. Baharini kuna gofu la kituo cha kujaribia topido, Wajerumani walilijenga wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndege ikipita chini na gofu lile likaingia kwenye fremu, una picha yenye mahali, si ndege tupu angani ambayo ingeweza kuwa popote. Ila kambi ya jeshi iko palepale. Ukiona kibao cha „Zakaz fotografowania”, yaani marufuku kupiga picha, kamera iingie begini. Siku ya maonyesho umealikwa. Kesho yake kwenye uzio hujaalikwa. Kuna faini, kuna kulala ndani, na kamera yenyewe inaweza kuchukuliwa. Ukiulizwa jibu kwa upole, na usijaribu utani wa nyumbani.

8. Usifute picha kwenye treni. Una njaa, masikio yanavuma, skrini ni ndogo kama kiberiti, na kila picha unaiona mbaya. Jioni ile mimi na wale vijana tulipanda SKM, treni ya mjini, pamoja. Tulipofika Orłowo mmoja wao alikuwa ameanza kufuta, uso umekunjamana, kidole hakitulii. Sopot akaniambia zimebaki mia moja. Nikamnyang'anya kamera, nikaipakata kama mtoto wa watu, nikamrudishia Wrzeszcz anaposhukia.