Jani la Jimbi Linawezaje Kuwa Kalibu?

SWALI: Assalaam aleikum, Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Wete, Pemba. Kaka yangu anasoma uhandisi Bara. Kaniambia wataalamu wanatumia majani ya mimea kuwa kalibu za vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Nahisi ananitania, maana jani hunyauka kutwa moja. Litakuwaje kalibu?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kaka yako hakutanii.

Wewe unafikiria kalibu ya sonara, ngumu, ya kutumiwa miaka. Ya jani hutakiwa ihimili saa chache tu, mpaka kilichomiminwa kigande. Likinyauka baada ya hapo hakuna hasara.

Nenda bondeni ukalidondoshee maji jani la jimbi. Tone halitandai, linakuwa duara, linabiringika na kuzoa vumbi. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa mimea wa Bonn, Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walieleza siri ya majani ya namna hii: yamejaa vinundu, na juu ya vinundu mna chembe za nta ndogo zaidi. Kinundu kimoja kina upana wa maikromita 10 hivi, na maikromita 1,000 ndiyo milimita moja. Kuchonga kitu kama hicho kiwandani kunataka mashine ghali na vyumba visivyoingia vumbi. Jimbi linajiotea kwa mvua ya masika, nami hilo hunistaajabisha kila nikilisomesha.

Basi wanachofanya ni kumimina juu ya jani bichi silikoni ya majimaji, yaani namna ya mpira unaoganda, kwa kawaida sehemu 10 kwa 1 ya kigandishi. Hewa hufyonzwa ili mapovu yatoke, kisha huachwa igande bila ya moto mkali, maana joto hulikunyata jani na vipimo vikaharibika. Ikibanduliwa imebeba kinyume: palipokuwa na kinundu pana shimo. Hupakwa dawa ya kuzuia kunata, ikamiminwa silikoni nyengine juu yake, na hiyo ya pili ndiyo inayotoka na vinundu. Mwaka 2005 jani la lotasi, mmea wa majini wa Asia, lilinakiliwa hivyo, na nakala ikayakataa maji kama jani lenyewe.

Ninalolipenda mimi zaidi liko mgombani. Vunja kikonyo cha jani, vuta pande mbili taratibu. Utaona nyuzi nyembamba zinanyooka bila kukatika. Kila uzi umejiviringa mfano wa springi, na kazi yake ni kuzuia mirija ya maji isibonyee. Mwaka 2014 watafiti wa San Diego, Marekani, walichukua nyuzi za namna hiyo kutoka mimea mingine, wakazipaka titani na nikeli, wakazikata vipande, na kwa sumaku inayozunguka vikaogelea ndani ya maji. Hapo mmea si kalibu khasa, ni kiunzi kinachovishwa chuma.

Jaribu mwenyewe skuli. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani la mlimau, uiache ikauke kabisa, ubandike selotepu, ubandue. Selotepu iweke kwenye kioo cha hadubini. Utaziona stomata, vitundu vya jani vya kupitishia hewa, kila moja na seli zake mbili za ulinzi, na jani lenyewe halimo. Utando ukichanika wakati wa kubandua, ujue umepaka nyembamba mno. Mara ya pili paka mikono miwili.